Nilivyopunguza kitambi kwa kuanza kuwahi nyumbani

Watu wakiniuliza nimepunguaje, wengi wanasubiri nitaje dawa. Chai fulani ya majani, ndimu na tangawizi, vidonge vinavyouzwa kwa mtu anayefahamiana na mtu. Nikiwaambia nimepunguza bia na siku hizi nawahi nyumbani, wanaona nawaficha. Wengine hawaulizi kabisa. Wananitazama shingo, wanauliza kama nyumbani ni kwema. Hapa Dar mwanaume wa miaka arobaini na ushei akipungua, kinachofikiriwa kwanza ni ugonjwa, cha pili ni madeni.

Imechukua karibu mwaka na nusu kutoka kilo 98 hadi 84, na kwa urefu wangu wa mita 1.72 bado nimezidi kidogo. Sina haraka. Kiuno nilichokuwa napimwa na fundi cherehani sentimita 110 sasa ni 96, na presha iliyokuwa ikisoma 148 kwa 96 sasa inacheza kwenye 130 kwa 84. Presha ndiyo iliyonianzisha. Daktari aliyekuja kutupima kazini alitaja mambo matatu, pombe, chumvi na kutembea, akasema dawa tuiache kwanza tuone. Kitambi hakukigusia. Nadhani alikiona.

Nafanya kazi Kariakoo, naishi Kimara. Anayekijua kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani saa kumi na mbili jioni anaijua pia ile kauli iliyowajengea wenye baa nyumba: "Ngoja watu wapungue." Unavuka barabara, unakaa kidogo. Watu wanapungua saa mbili, wewe unanyanyuka saa tano.

Tukikaa watano, kila mmoja lazima aagize raundi, maana kuondoka hujaagiza ni kujitia doa. Raundi tano ni bia tano, hata kama kiu yako ilikuwa ya moja. Hapo sijamhesabu anayepita kusalimia na kumwambia mhudumu, "Wape hawa ya kwao." Chupa ya mkononi haijafika nusu, mbili zimeshapangwa mbele yako, zinatoka jasho, na unajua zitapata moto. Unaharakisha. Mimi nilikuwa nakimbizwa na zile zinazonisubiri. Vizibo vinalundikana katikati ya meza, mhudumu haviondoi kwa sababu ndiyo daftari lake, na hakuna anayevitazama mpaka bili ije.

Bia ya tatu nayo inaita kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Nusu kilo, ndizi za kuchoma, kachumbari, pilipili, na ile chumvi inayomwagwa pembeni ya sinia ili kila mtu achovye nyama yake. Daktari alipotaja chumvi mimi niliwaza chumvi ya mboga za nyumbani, kumbe kilima kilikuwa kwenye sinia.

Tuzungumze hesabu kidogo, kwa sababu ndizo zilizoninyamazisha. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi chenyewe, na kila gramu ni kalori 7. Hizo ni 140. Ongeza wanga uliomo, unafika 200 na kidogo kwa chupa. Bia tano ni zaidi ya 1,000 kabla hujatafuna chochote, na mwanaume wa kawaida anahitaji kama 2,500 kwa siku nzima. Tena mwili hauna ghala la kilevi. Ini linakichoma hicho kwanza, na mafuta ya kitimoto yanapangiwa foleni, na mwisho wa foleni hiyo ni tumboni. Kuna wanaohamia pombe kali wakiamini haileti kitambi. Chupa ndogo ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina karibu kalori 390, na hapo hujaichanganya na soda.

Ila kujua hesabu ni jambo moja na kunyanyuka mezani ni jambo jingine. Visingizio vinavyokubalika baa ni vichache: uko kwenye dozi, umeokoka, au ni Kwaresma. Dozi wanaihesabu. Siku ya nane mtu anakuuliza, kwa lile jina wanalotuitia sisi Wachagga, "Meku, bado tu?" Kuokoka kunadai matunda. Mimi ni Mkatoliki, nikaishika Kwaresma, na kwa mara ya kwanza niliifunga kweli kweli. "Tutaonana Pasaka," wakaniambia, na walimaanisha.

Katika wiki zile ndipo nilipoelewa kwamba bia yenyewe sikuwa naitamani sana. Nilichokitamani ni kukaa. Saa kumi na mbili ikigonga miguu inataka kwenda pale, kwenye kelele zile, watu wale. Jioni ya kwanza niliyofika nyumbani saa moja, mke wangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Baba Brian, kazini kwema?" Nikamwambia kwema. Akanikagua tena. Mtoto akaja na daftari la hesabu kwa sababu hajawahi kunikuta nyumbani saa ile, na mimi sikujua nifanye nini na hizo saa tatu zilizobaki kabla ya kulala.

Ndiyo maana nilianza kutembea. Sikuwa na mpango wa mazoezi, nilikuwa na muda usio na kazi. Nikawa nashuka mwendokasi kituo cha Kibo badala ya kwenda hadi mwisho, halafu napanda ile barabara kwa miguu. Soko la Karume nilishapata raba za mtumba, za bei ambayo kwa baa zetu za kawaida ni kama raundi mbili za meza. Mwanzoni nilikuwa nahema, nasimama nikijifanya nasoma simu. Bodaboda walinisumbua kuliko mlima. Kila baada ya hatua chache, "Bosi, twende?" Kwao mtu mwenye shati la ofisini anayetembea lazima ana matatizo. Mwishowe walinizoea, wakawa wananipigia honi tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mimi nilizipata kwa kushuka mapema siku za kazi, bila kuingia jimu.

Jogging ya Jumamosi nilijaribu pia. Tulivaa fulana zinazofanana, tukakimbia kilomita tano tukiimba, na saa mbili asubuhi tukawa tumekaa kwenye supu na chapati, na bia ya kuzimua ikaanza kuzunguka. Mtu wa kilo 90 akikimbia kilomita tano anachoma kama kalori 450. Hizo zinarudishwa na bia mbili na kipande cha chapati. Siwasemi vibaya, ni watu wazuri na nyimbo zao tamu, lakini nilifurahi zaidi nilipokuwa naenda mwenyewe.

Kilo za mwanzo zilishuka haraka, kisha mzani ukagoma. Nilikuwa napima kwa yule kijana wa stendi mwenye kipaza sauti kinachotangaza uzito na urefu, na kwa wiki kadhaa akawa ananisomea namba ileile. Sababu ilikuwa jikoni. Zamani nilifika nyumbani nimeshiba kitimoto, ugali wangu unalala kwenye kawa mpaka asubuhi. Sasa nilikuwa nakula na familia saa moja na nusu, na saa nne usiku narudi kufunua sufuria. Pia nilikuwa nimehamia soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, yaani vijiko vya chai vinane au tisa, na vinywaji vya kimea havina nafuu kubwa. Jioni ya soda tatu ina sukari ya kutosha kumkasirisha daktari kwa namna nyingine.

Kwa hiyo tukabadilisha sahani. Sikupewa chakula changu peke yangu, maana hapo ndipo watu wengi wanashindwa: baba ana kabichi yake, wengine wanakula wali na nyama, wiki mbili yameisha. Ugali ulibaki, wa dona, ukawa robo ya sahani. Nusu ni mchicha au matembele, na robo iliyobaki ni dagaa, maharage au samaki. Kisamvu cha nazi tulikiacha kiwe cha Jumapili, na sikukubali kukifuta kabisa. Chai ya asubuhi ilishuka kutoka vijiko vitatu vya sukari hadi kimoja, na chapati zikampisha muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha. Mke wangu naye amepungua bila kutangaza, nami nimefundishwa nisilitaje.

Usingizi ulibadilika kabla ya tumbo. Pombe inakulaza haraka lakini inauvunja usingizi nusu ya pili ya usiku, na inaongeza kukoroma. Mama Brian alisema alianza kuamka usiku akisikiliza kama bado napumua.

Pasaka ilipofika nilirudi mezani, na sikufidia. Utaratibu niliouweka ndio ninaoufuata hadi leo. Nakwenda Jumamosi tu, au Simba na Yanga zikikutana. Nakwenda nimeshakula nyumbani. Nalipa kila chupa inapoletwa, na chupa isiyofunguliwa haikai mbele yangu. Mtu akinipa ofa, naipokea kwa shukrani na kumwambia mhudumu, "Dada, iache kaunta." Huyo dada amenisaidia kuliko wengi. Akiona chupa yangu imebaki robo ananiletea maji makubwa bila kuagizwa, na wa mbali hawajui nakunywa nini. Mbili zinanitosha, mara chache tatu.

Palipo pagumu kuliko baa ni vikao vya harusi. Kamati inakutana baa, mwenyekiti anachelewa, na katika kusubiri mahudhurio yatimie watu wameshakunywa mchango wa keki. Nimejifunza kutuma mchango mapema kwa simu na kuomba udhuru vikao viwili katika vitatu. Pesa ikiwahi, hakuna anayekuuliza uko wapi.

Kuna kundi ambalo njia yangu haiwafai, na lazima niliseme. Mtu anayeamka anatetemeka mikono mpaka apate kinywaji, anayekunywa sana kila siku, asiache ghafla peke yake nyumbani kwa ushujaa. Mjomba wangu alijaribu hivyo, na usiku wa pili akapata degedege, tukamkimbiza hospitali. Mwili uliozoea kilevi kikiondoka ghafla unaweza kuleta jasho, kuweweseka, degedege, hata kifo. Huyo aende kwa daktari kwanza, aache chini ya uangalizi.

Desemba napanda Moshi kama Wachagga wote, na kule nilitarajia kushindwa. Nikakuta mbege, pombe yetu ya ndizi, ni rahisi kuliko bia. Mzee anakukabidhi kata, "Mwanangu, pokea," unapiga funda, unampa anayefuata, umeheshimu kila mtu na huna chupa ya kumaliza. Kinachonishinda Desemba ni nyama. Mbuzi wa Krismasi, ndizi nyama ya shangazi, halafu mbuzi mwingine kwa sababu kuna ubarikio jirani. Narudi Dar na kilo mbili za ziada kila mwaka. Januari zinashuka zenyewe, maana ada za shule zinatoka na hata marafiki zangu wa Kariakoo wanawahi nyumbani.