Uji wa Jajja: Hija ya Namugongo

Dalali aliyetupangishia nyumba Kyaliwajjala, jirani na Namugongo nchini Uganda, alizungumza kwenye simu kama mtu wa kanisa. Alimwita mwenyekiti wetu "mzee wangu", akatuma picha za vyumba, magodoro na tangi la maji lililoko uani, na kila ujumbe aliumalizia kwa baraka za Wafiadini wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, ambao sikukuu yao ya tarehe 3 Juni ndiyo tuliyokuwa tukiiendea. Tulimlipa fedha zote kabla hatujatoka Bukoba, kwa sababu kila aliyewahi kwenda alituonya kuwa Mei ikiisha hupati hata kibaraza cha kukodi. Tukafika kwenye lile geti usiku, mvua inanyesha. Mlinzi akatuambia nyumba ina wenyewe, haijawahi kupangishwa, na jina tunalolitaja hajawahi kulisikia. Tukapiga ile namba. Haipatikani.

Ya njiani sina mengi. Kyaka tulivuka Kagera, wazee wakaanza habari zao za vita na jinsi daraja la zamani lilivyolipuliwa na majeshi ya Amin mwaka 1978. Mutukula tulibadilisha fedha na kupunjwa kidogo, kama kawaida ya mpakani. Viti vya kosta vilikuwa vimebanwa ili watu waongezeke, na mimi mwenye magoti mabovu nilisafiri nimeyakunja hadi Masaka. Lukaya tulikula ndizi za gonja na kuku wa kuchoma, Kayabwe vijana wakapiga picha kwenye mstari wa ikweta. Kilichonigusa ni wale waliokuwa wakienda kwa miguu. Walitembea kando ya barabara kwa makundi, rozari shingoni, viatu mkononi, wengine wazee kuliko mama yangu, na tulipowapita waliimba na kutupungia. Nilikuwa nalalamikia kiti, nikanyamaza.

Sasa turudi getini. Tulikuwa kundi la akina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), wazee wachache, katekista wetu, vijana wawili wa kwaya, na binti mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa. Dereva alisema mkataba wake umeishia hapo na anataka nyongeza ndipo atuache tulale ndani ya gari. Alitaja kiasi ambacho hatungeweza kulipa bila kugusa nauli ya kurudi. Mwenyekiti alimsihi kwa heshima, mama mmoja akamsihi kwa machozi. Akashusha mizigo yetu kwenye tope, akaondoka. Wiki ile kila kitu Namugongo kinapanda bei. Bodaboda inapanda, chakula kinapanda, hata choo cha kulipia kinapanda. Nyumba ya wageni ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa imejaa, ya pili ilitaka kwa chumba kimoja fedha ambazo kwetu zinakodi nyumba mwezi mzima.

Tulijibanza kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Katekista akatuambia tusali, na mwisho wa sala akasema, "Bwana atatupatia." Naandika hapa nilivyojisikia, kwa sababu ndicho nilichokwenda nacho hadi mwisho wa hija: nilikasirika. Maneno hayo nimeyasikia mno. Nyumbani siku hizi yako redioni asubuhi, kwenye spika za mikutano jioni, kwa watu wanaouza mafuta na maji ya upako na kuwaambia wajane wapande mbegu ili wavune mara mia. Mafundisho yao ni kwamba mtakatifu hakosi, na aliyekosa atafute dhambi yake ilipo. Jirani yangu alipanda fedha za mbuzi wake wote wawili. Nilipomwangalia yule mtoto mwenye homa, sikutaka kumsikia mtu yeyote akimsemea Mungu.

Ng'ambo ya njia mlango wa uzio ukafunguliwa kidogo, tochi ikatumulika. Alikuwa bibi mmoja, gomesi yake, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, ameifunga juu kwa ajili ya tope. Aliuliza kwa Kiganda sisi ni akina nani. Kijana wetu akajibu kwa Kiswahili, na tochi ikarudi nyuma. Baadaye alitueleza kwamba kwa watu wa rika lake, Kiswahili kinachosikika getini usiku ni sauti ya askari. Mama mmoja wa kundi letu akawahi kuongea naye kwa Kihaya, polepole, na yule bibi akamjibu kwa Kiganda, nao wakaelewana kwa sababu lugha hizo ni ndugu. Akasikia "Bukoba", akasikia "Wafiadini", akasikia mtoto anakohoa. Akafungua mlango wote.

Wajukuu walimwita Jajja, yaani bibi kwa Kiganda, nasi tukamwita hivyo. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Aliwaamsha watoto, akawalaza wote kitanda kimoja, akatandika mikeka, akafunga turubai kwenye kibaraza kwa ajili ya wanaume. Alimpangusa mtoto mgonjwa kwa maji ya uvuguvugu, akampeleka chumbani kwake mwenyewe pamoja na mama yake. Kisha akakoka moto na kupika uji.

Nilimsaidia jikoni, kwa hiyo niliona. Unga ulikuwa kwenye debe, unga wa mahindi wa uji wa wajukuu. Alichota, akatutazama tulivyo wengi, akachota tena. Akachota mara ya mwisho kwa kukwangua, na nikasikia kikombe kikigonga bati. Sukari alimimina yote iliyobaki kwenye kopo. Maji yalikuwa ya madumu, ya kununua. Nilimwambia kwa ishara kwamba inatosha, akaniondoa mkono kwa upole.

Nimefundishwa tangu utoto habari za mjane wa Sarepta, aliyemlisha Eliya na unga wake usipunguke. Unga wa Jajja uliisha. Niliuona mwisho wake.

Tulipokuwa tunakunywa, Jajja aliuliza habari za vita. Alikuwa binti mwaka 1979 Watanzania walipoingia, na watu wa kwao waliwaita wakombozi. Alisema wengine walichukua redio ya baba yake, na mmoja alikula ndizi mbivu uani kisha akaacha fedha juu ya jiwe ingawa hakuna aliyemdai. Alitusimulia yote mawili bila kuficha lolote. Wazee wetu waliinamisha vichwa kwa habari ya redio.

Kumbe yeye si Mkatoliki. Ni Mwanglikana, mlokole wa siku nyingi, na husali kwenye eneo lao la kumbukumbu lililo karibu na letu. Ndipo akatueleza kile ambacho kila mtu wa Namugongo anakijua. Tarehe 3 Juni 1886 walipochomwa, Wakatoliki na Waanglikana walifungwa kwenye matete, wakalazwa juu ya kuni zile zile. Mukajanga, mkuu wa wauaji, hakuwatenganisha. Kanisa Katoliki linawakumbuka 22, Waanglikana 23, wote waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwataja na hao wengine waliokufa kwa jina la Kristo. "Wetu na wenu wamekuwa majivu ya shimo moja," Jajja alisema, "nitawafungia mlango vipi?" Tulisali pamoja, yeye kwa namna yake na sisi kwa rozari, na hakuna aliyeona shida.

Asubuhi alikataa fedha. Alikataa kabisa, hadi mwenyekiti akaona haya. Tukaenda dukani, pale pale tulipojibanza usiku, tukanunua unga, sukari na sabuni, vyote kwa bei ya msimu, na hivyo akavipokea. Siku za katikati nitaziruka. Tulifunga novena, tuliungama, tulipanga foleni za choo, na mtoto alipona homa kwa dawa za zahanati.

Siku yenyewe tuliamka usiku wa manane ili tupate nafasi, na bado tukajikuta mbali. Basilika lile limejengwa kwa mfano wa nyumba ya Kiganda, paa lake limeshuka kama la msonge, na nguzo 22 zimelizunguka, moja kwa kila mfiadini. Altare iko pale alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, aliyechomwa peke yake, taratibu, kuanzia miguuni. Lakini Misa ya sikukuu husomwa nje, penye ziwa dogo lililochimbwa, na watu hukaa kwenye miteremko kuzunguka maji. Kivuli hakuna. Jua la saa tano lilituchoma, na chupa ndogo ya maji iliuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Mama mmoja mbele yangu, kwa lafudhi niliona ni Mkongo, alikunywa yake nusu akanipa iliyobaki bila kugeuka kuniangalia vizuri.

Baada ya Misa watu waliteremka na madumu na chupa kuchota maji ya lile ziwa. Wanayapeleka Kisumu, Kigali, Goma, wanayanyunyiza nyumbani na kuwapaka wagonjwa. Nilichota na mimi, nikiwa nimeshika dumu langu nikamkumbuka Matia Kalemba Mulumba.

Matia hakufika Namugongo. Alikuwa mtu mzima, mwenye familia. Walimkata viungo kilima cha Old Kampala tarehe 27 Mei, wakambana mishipa ili asife haraka, wakamwacha. Simulizi zinasema kwamba alipodhihakiwa kuwa Mungu wake aje amwokoe, alijibu kuwa Mungu atamwokoa, ila wao hawataona namna atakavyofanya, maana ataichukua roho na kuwaachia mwili. Alikaa hai hadi tarehe 30. Siku ya pili watu waliokuwa wakikata matete karibu na hapo walisikia sauti ikiomba maji. Walipomwona alivyo, wakakimbia.

Nilimuuliza katekista hapo hapo kando ya maji. "Baba, Ibrahimu alipewa kondoo kichakani, Isaka akashuka mlimani mzima. Sisi tumepewa uji. Matia aliomba maji tu, mbona hakupewa?"

Hakunijibu haraka, na kwa hilo namheshimu. Alisema wafiadini walipewa kilicho kikubwa zaidi, walipewa nguvu ya kutoikana imani. Karoli Lwanga, kama inavyosimuliwa, alimwambia mtu aliyekuwa akimchoma kwamba moto ule ni kama anamwagiwa maji mwilini, akamsihi atubu awe Mkristo kama yeye. Hiyo nguvu haikutoka kwake.

Ni jibu la kweli na nimelipokea. Lakini halikunitosha, kwa sababu Matia hakuomba nguvu. Aliomba maji, na Old Kampala haikuwa jangwa. Maji yalikuwepo. Mikono ya kuyaleta ilikuwepo pia, imeshika mundu wa kukatia matete. Siwalaumu watu wale, walikuwa watu wa chini na waliogopa mno, na mimi sijui ningefanya nini. Ila siwezi tena kuamini kuwa kiu ya Matia ilikuwa mpango wa Mungu. Naamini Mungu alimtumia watu, na watu wakakimbia. Jajja naye alikuwa na kila sababu ya kukimbia: usiku, wageni wengi, Kiswahili, mvua, na yeye mwanamke mzee na watoto wadogo ndani. Tulipokuwa tunasali "utupe leo mkate wetu wa kila siku" pale kibarazani, mkate ulikuwa ndani ya debe lake, na angeweza kabisa kuzima tochi.

Mahubiri yale ya nyumbani yanasema ukiwa mtakatifu utapata. Namugongo niliona watu watakatifu wawili kwa karibu, mmoja wa miaka mia na zaidi iliyopita aliyenyimwa hata tone, na mmoja wa jikoni aliyebaki na debe tupu. Hakuna aliyeongezewa mali. Nimewaambia akina mama wa jumuiya yetu hivyo hivyo, na yule jirani yangu wa mbuzi alikuwepo. Alilia. Tunamchangia mbuzi jike mmoja, tumeshafika nusu.

Nimewakumbusha pia jambo tunalolisahau sisi wa Bukoba. Misioni ya Kashozi ilipoanzishwa mwaka 1892, mapadre wa shirika la White Fathers hawakuja peke yao. Walikuja na Wakristo wa Buganda waliofukuzwa na vita vya kwao. Imani iliyotufikia, ile iliyomlea hata Kardinali Laurean Rugambwa, iliingia kwetu ikiwa na mizigo kichwani na watoto mgongoni, na kuna bibi zetu waliofungua milango. Majina yao hayakuandikwa popote.

Dalali hajapatikana, na fedha zile tumezikubali kuwa zimepotea, ingawa mwenyekiti bado anapiga ile namba kila Jumapili. Jajja tunawasiliana naye kupitia simu ya mjukuu wake mkubwa. Mwezi uliopita tulimtumia za ada ya shule ya watoto, akazipokea kwa sababu tulisema ni za watoto. Ameuliza mwakani tutakuwa wangapi, kwa sababu anataka kuezeka kibaraza kwa mabati, na fundi anahitaji kujua kipimo.