Usiku wa Hasheem na mzee wa Bronx

Aprili 2009 nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Bronx, New York, aliyevunjika nyonga. Namwogesha, nampa dawa, namtembeza kidogo, kisha jioni tunakaa mbele ya televisheni. Wiki ile sikuwa na jingine kichwani ila Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alikuwa ameingia nusu fainali ya NCAA, mashindano makubwa ya mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, na chuo chake cha Connecticut, Jumamosi tarehe 4, kule Detroit.

Alhamisi ya wiki hiyo tulitazama fainali ya NIT, mashindano mengine ya vyuo, kutoka ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Penn State waliwafunga Baylor 69 kwa 63. Nikasema haya ni mashindano ya walioachwa na NCAA. Mzee akachukua rimoti akapunguza sauti.

"Kijana, ulipoanza kutazama wewe sipo mpira ulipoanzia."

Akanieleza. NIT ilianza 1938, NCAA ikafuata mwaka mmoja baadaye. NCAA ya zamani ilichukua timu nane tu, moja kwa kila kanda. Wakali wawili wakiwa majirani, mmoja anabaki nyumbani, na dhaifu wa kanda nyingine anapita. NIT ilimwalika iliyemtaka, ikamleta New York kwenye magazeti na watu.

Mwaka 1950, akiwa na miaka 15, kaka yake alimpeleka Garden kuwaona City College, chuo cha watoto wa mjini kisichotoza ada, timu ya vijana Weusi na Wayahudi. Wakawafunga Kentucky, mabingwa wa NCAA wa mwaka uliotangulia, 89 kwa 50. Kila akiitaja ile 89 aligonga mkono wa kiti. Wakachukua NIT kwa kuwafunga Bradley 69 kwa 61, na mwezi huohuo, ukumbi uleule, Bradley walewale, 71 kwa 68, wakachukua na NCAA. Hakuna timu nyingine iliyopata yote mawili mwaka mmoja.

Sikukubali kwamba NIT ndiyo ilikuwa kubwa. Ijumaa nilipita maktaba nikarudi na karatasi. Wakati wa vita, 1943 hadi 1945, bingwa wa NCAA na bingwa wa NIT walikutana Garden kuchangia Msalaba Mwekundu, na mara zote tatu NCAA ilishinda. Hata Utah, waliotolewa NIT 1944 na Kentucky, waliitwa NCAA kujaza nafasi ya Arkansas waliopata ajali ya gari, wakabeba kombe, kisha wakawafunga St. John's, mabingwa wa NIT.

Mzee aliisoma karatasi polepole kwa kioo chake cha kukuzia.

"Kweli kabisa. Lakini Utah walikwenda wapi kwanza?"

Nilinyamaza. Na mpaka leo kipimo chake nakiona ndicho: tazama timu bora, zikiwa na hiari, zinakimbilia wapi. Hata 1970 Marquette waliikataa NCAA wakaenda kushinda NIT. Baadaye kanuni ikawabana waalikwa wa NCAA wasiende kwingine, na 1975 NCAA ikafikia timu 32. Hiari ikaisha.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni tukakaa. Mzee aliuliza jina la kijana wetu linatamkwaje. Nikamwambia kwetu ni Thabiti, asiyeyumba. Akalirudia mpaka likakaa. Uwanja wa Ford Field ulikuwa na watu zaidi ya 70,000, wengi wao wa Michigan State, wapinzani wetu na wenyeji wa jimbo. Mdogo wangu alikuwa macho Temeke, ananitumia ujumbe kila Hasheem akigusa mpira. Tulifungwa 82 kwa 73. Kwao ilishagonga saa tisa usiku. Ujumbe wa mwisho ulikuwa neno moja: "Basi."

Mzee hakusema kitu. Alinyoosha mkono akanishika kiwiko, akauacha hapo.

Jumatatu ilikuwa fainali, North Carolina na Michigan State. Aliniuliza kama awashe. Nikamwambia hapana mzee, nihadithie tena ile ya Kentucky.