Kwa rafiki asiyekula kamongo: safari ya Mwanza hadi Masaka

Kwenye ramani, Mwanza na Masaka ni miji ya ziwa moja, lakini mwenye gari hana budi kulizunguka Ziwa Victoria kwa upande wa magharibi na kuvuka mpaka wa Uganda. Mimi, mke wangu na kijana wetu wa mwisho tuliamua kuifanya safari hiyo kwa siku mbili, bila haraka, ili kumtembelea fundi wa injini za mitumbwi aliyekuwa jirani yetu huku Kirumba, Mwanza, kwa miaka 9 kabla ya kurudi kwao.

Ujirani wetu ulianza kwa kituko. Siku ya kwanza tulipomkaribisha chakula, mke wangu alikuwa ameunga kamongo, samaki mrefu wa ziwani, naye mgeni akarudisha mkono na kusema kwa adabu, "Shemeji, unisamehe. Huyu ni mamba, na mamba ni ndugu yangu." Mezani pakawa kimya, kwa kuwa hakuna aliyejua kama tunashutumiwa kupika mamba au kama mgeni ana undugu na mamba. Kumbe kwa Kiganda kamongo huitwa mmamba, yeye ni wa ukoo wenye jina hilo, na Muganda hali mnyama wa mwiko wa ukoo wake. Tangu siku hiyo alipikiwa sato.

Tuliondoka alfajiri, kiroba cha dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki, kikiwa nyuma ya gari na harufu yake ikiwa mbele pamoja nasi. Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo lina jina la Rais John Magufuli na urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Nilipunguza mwendo makusudi, maana nimewahi kukaa pale Kigongo nusu siku nikisubiri kivuko, na ilikuwa kama kulipwa deni kuipita Ghuba ya Mwanza huku kijana wangu akiwa hajamaliza hata andazi lake.

Sengerema na Geita tulizipita bila kusimama. Tulipoikaribia Muleba nchi ilibadilika: migomba ikaja hadi ukingoni mwa barabara, hewa ikapoa, na nyumba zikajificha ndani ya mashamba. Tulilala Bukoba, ambako mwenyeji wetu alitutolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kilichosukwa kwa ukili. Buni hizo huchemshwa zikiwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, kisha hukaushwa. Ukitia moja mdomoni, kwanza unapata ukakasi, halafu uchungu, na baada ya dakika kadhaa usingizi wote unakuaga. Mke wangu alitafuna nne, akazungumza hadi saa nane usiku.

Kutoka Bukoba hadi Mutukula, mpakani mwa Uganda, ni takriban kilomita 80, na njiani unauvuka Mto Kagera pale Kyaka, ambako daraja lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Masaka nayo ilibomoka vibaya majeshi yetu yalipoiteka mwaka 1979. Katika miaka yote ya ujirani rafiki yetu hakulitaja jambo hilo, wala sisi hatukumuuliza.

Mpakani tulipoteza saa mbili kwa uzembe wangu, kwani kadi ya gari ilikuwa bado na jina la aliyeniuzia, ikabidi atafutwe kwa simu na atume barua ya ruhusa. Kiroba cha dagaa, nilichokiogopa zaidi, kiliulizwa swali moja tu, nikajibu kwamba ni zawadi.

Tulifika Masaka jua likizama. Shemeji wa huko, mke wa rafiki yetu, alitupokea uani kwa neno "Mukulike", la kumpongeza aliyetoka safari, kisha akakifungua kiroba hapohapo, akachota dagaa kiganjani na kuwanusa. Kwao dagaa ni mukene na furu ni nkejje, lakini alisisitiza kwamba mukene wa kwao hana ladha ya dagaa wa Mwaloni. Sikubishana naye, ingawa ziwa ni lilelile. Usiku tulikula matoke yaliyopikwa ndani ya majani ya mgomba, na mchuzi mzito wa karanga.

Siku ya tatu rafiki yangu alitupeleka Lambu, kwenye mwalo wa wavuvi. Mvuvi mmoja alikuwa akimburuta kamongo mkubwa kutoka mtumbwini, akiwa bado anajipinda, na fundi wetu akasogea kando kama mtu anayepisha mkwe. Kijana wangu akamuuliza kama huwa anatukasirikia tunapomla kule nyumbani.

"Kuleni tu, mwanangu," akasema. "Ila siku hiyo msinipigie simu."