Kilomita za Baba

Julai 2017, nikitoka kivukoni kurudi nyumbani Buhongwa, Mwanza, nilitupia jicho dashibodi nikakuta mishale yote imelala. Gari linatembea, spidi inasoma sifuri. Wa mafuta chini, wa hiti, yaani joto la injini, chini. Injini nzima, honi inalia, taa za mbele zinawaka. Na namba za kilomita zilikuwa zimeganda.

Hizo namba ndizo zilizoniuma. Gari lilikuwa la marehemu baba, saluni ya mwaka 1995, na dashibodi yake ilikuwa ya vile vigurudumu vya tarakimu vinavyopinduka polepole. Baba alikuwa na kawaida ya kutusomea namba kwa sauti kila ikitimia elfu nyingine, popote tulipo, hata kama mama amesinzia. Baada ya msiba nilikuwa naliendesha mimi, kila baada ya wiki mbili, kuvuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema kumwona mama.

Barabara ya Nyegezi hadi Buhongwa ina trafiki wenye tochi za kupima spidi, na penye makazi mwisho ni 50. Bila mshale nilikuwa najibanza nyuma ya daladala na kwenda nayo sambamba. Unafika umechoka kama umetembea kwa miguu.

Fundi wa kwanza alikuta fyuzi imeungua, akaweka mpya, mishale ikaamka. Safari iliyofuata ya Sengerema ikafa tena, kilomita zikaganda kwenye 231,874. Akasema mita yenyewe, yaani kile kisanduku chote cha mishale na namba, ndiyo inavuta umeme, dawa ni kununua iliyotumika. Shilingi 70,000. Nikakubali, na hilo najilaumu hadi leo, maana mita ile ilikuja na kilomita za mtu mwingine: 96,210. Nilikaa kwenye kiti cha baba nikitazama namba za mtu nisiyemjua. Mita ya zamani niliifunga kwenye kanga, nikaiweka kwenye buti.

Ile ya 70,000 ilidumu siku nane.

Ilikufa ndani ya kivuko, na safari hii niliiona ikifa. Pale magari hupangwa kwa kubanana, na kijana wa kupanga akanipungia mkono: "Mwalimu, rudi nyuma kidogo, rudi, rudi, hapo hapo!" Nikaweka rivasi. Papo hapo mshale wa hiti, uliokuwa katikati, ukaanza kushuka taratibu mpaka chini. Nikazima injini, nikawasha swichi bila kupiga stati: taa ya betri haikuwaka, ya oili haikuwaka. Giza tupu.

Nilivuka ziwa lote nikiwaza. Nyumbani kwangu uwanja ni mpana, nageuza kwa kuzunguka. Shuleni naegesha chini ya mti, natoka kwa mbele. Kwa muda wote huo sehemu niliyokuwa natumia rivasi ni kivukoni tu. Nilipomaliza kuhesabu safari vidoleni, moyo ulikuwa unadunda.

Jumatatu yake nikaelekezwa kwa mzee mmoja Nyakato, fundi umeme wa magari, kibanda chake kiko chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia, nikamsimulia habari ya rivasi. Hakunikatiza hata mara moja. Akafungua kifuniko karibu na goti la dereva, akachomoa fyuzi na kuiinua juani. Ilikuwa ya manjano, ya ampea 20.

"Mwanangu, hapa panakaa nyekundu, ya 10. Nani kaweka hii?"

Nikamwambia.

"Fyuzi kazi yake ni kufa kabla ya waya. Ukiweka nene, waya ndio utaungua, na gari nalo."

Kisha akanieleza ambacho fundi wa kwanza hakukifikiria: kwenye gari langu fyuzi ile ile inayolisha mishale na taa za dashibodi ndiyo inayolisha taa nyeupe za rivasi kule nyuma. Ukiweka rivasi, swichi iliyo kwenye giaboksi inapeleka umeme mpaka kwenye taa zile. Njiani kukiwa na waya uliochubuka unaogusa bodi, ni shoti, fyuzi inakufa, na mishale inakufa nayo. Mita haina kosa.

Hakugusa injini kabisa. Alienda moja kwa moja kwenye buti, maana taa za rivasi za gari lile ziko kwenye mfuniko wake. Pale kwenye bawaba, fungu la waya hujikunja kila unapofungua na kufunga. Alivuta mpira uliolifunika, akaugeuza waya mmoja mwekundu wenye mstari mweusi. Ngozi yake ilikuwa imelika urefu wa ukucha, shaba inang'aa, na chuma jirani yake kina doa jeusi la moshi. Nililigusa kwa kidole, masizi yakabaki.

Akakata sehemu mbovu, akaunga kipande kipya, akalehemu, akafunga tepu na kuacha waya ulegee kidogo usivutike tena. Akaweka fyuzi ya 10. Rivasi, mara tano. Mishale imesimama wima.

"Na hiki kwenye kanga ni nini?"

Nikamwambia ni mita ya baba. Akanitazama, akachukua bisibisi bila neno. Nusu saa baadaye 231,874 ilikuwa imerudi mahali pake. Akachaji 15,000 kwa kazi yote, na ya kurudisha mita akakataa kuichukulia hela.

Nilishika njia ya mjini nikienda polepole mno, magari yananipita. Kabla sijafika Buzuruga ile nne ya mwisho ikaanza kupanda, nusu yake ikafichika, tano ikachungulia kwa chini, ikakaa. Nikaegesha pembeni, nikampigia mama simu, nikamsomea namba kwa sauti.