Neno la Kiingereza "chase" na ndugu zake

Wanafunzi wangu wa sekondari hapa Dodoma huniuliza kila mwaka kwa nini kitenzi "catch", chenye maana ya kukamata, hugeuka kuwa "caught" katika wakati uliopita badala ya kufuata kanuni ya kawaida. Jibu limo katika neno jingine, "chase", yaani kukimbiza au kufukuza, kwa kuwa maneno hayo ni ya tumbo moja.

Kilatini kilikuwa na kitenzi "capere", kushika, na kutokana nacho kikapatikana "captare", kujitahidi kushika, kama walivyofanya wawindaji wa Kisandawe kule Chemba walipomnyatia mnyama kabla ya kumfyatulia mshale. Katika Kifaransa cha kale neno hilo lilipata sura mbili: kwa Wanormani wa kaskazini, walioiteka Uingereza mwaka 1066, lilianza kwa sauti ya k, na upande wa Paris kwa sauti ya ch kama ya chai. Waingereza walizipokea zote mbili. Mwanzoni "catch" pia lilimaanisha kukimbiza, kisha likachukua maana ya kukamata kutoka kwa kitenzi chao cha asili, "latch", ambacho wakati uliopita wake ulikuwa "laught", na pamoja na maana hiyo likachukua mnyambuliko wake. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzuri kabisa kwamba vitenzi vinavyoitwa vya ovyo vina historia yake, nasi walimu tungeifundisha badala ya kukaririsha majedwali.

Hata "purchase", kununua, ni wa ukoo huo. Hapo kale lilimaanisha kukitafuta kitu kwa bidii. Vilevile pori la uwindaji la bwana mkubwa liliitwa "chase", na jina hilo limebaki Cannock Chase, katikati ya Uingereza. Tena limo katika "steeplechase", zilizoanza kama mbio za farasi kuelekea mnara wa kanisa. Kwa wanariadha ni mbio za kuruka viunzi na maji, ambazo Filbert Bayi alizipatia Tanzania medali ya fedha mjini Moscow mwaka 1980.

Lipo hata hivyo "chase" la wachapaji, fremu ya chuma iliyobana herufi za risasi kabla ya kupigwa chapa, ambalo si ndugu wa hayo. Hilo linatokana na neno la Kilatini "capsa", sanduku, lililozaa pia "caixa" la Wareno, ambamo wataalamu wengi huona asili ya kasha letu la Kiswahili.