Maji Maji kwa karatasi nne na bando la buku

Aliyetuambia kwenye semina kwamba wanafunzi wakionyeshwa video wataipenda Historia, hajawahi kufundisha Form Three B yenye watoto 61. Mimi nilimwamini. Nikaazima projekta, nikalihamishia darasa maabara kwa sababu ndiko kwenye mapazia, nikafungulia filamu ya bure mtandaoni kuhusu Vita vya Maji Maji, vile vya 1905 hadi 1907 vya wazee wetu dhidi ya Wajerumani.

Dakika ya nne umeme ukakatika. Uliporudi, bando likawa limekata roho, kiduara kinazunguka ukutani kama kinatafuta mlango. Halafu filamu yenyewe ilikuwa ya Kijerumani! Nilikuwa nimeitazama nyumbani bila sauti, mtoto wangu kalala. Sauti ya nyuma ikauliza, "Madam, na hiki kiduara kinatoka kwenye mtihani?" Walicheka mpaka kengele.

Ofisini nikashauriwa nitoe notisi tu. Nikakasirika.

Jumapili nikanunua bando la buku nikaingia Wikimedia Commons, ghala la picha za bure mtandaoni. Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, iliweka humo picha zake nyingi mwaka 2008, zikiwemo za enzi za ukoloni huku kwetu. Nikashusha picha ya askari wamejipanga mstari. Kisha nikapata kitabu cha 1909 cha von Götzen, gavana wa Kijerumani wakati wa vita hivyo, hakimiliki yake imekwisha zamani, nikatafsirisha aya mbili kwa simu. Programu ikaniambia Kinjikitile, mganga aliyegawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alikuwa "mcheza mazingaombwe". Nikaliacha hilo lirekebishwe na darasa. Karatasi ya tatu nikaandika kwa mkono habari za shamba la pamba la akida, yaani msimamizi aliyewekwa na Wajerumani: siku 28 za kazi, malipo senti 35. Ya nne, nusu ukurasa wa Ngarambe, alikokuwa Kinjikitile, na maji yenyewe. Stationery hawakunimaliza, elfu tano na chenji.

Sasa ujanja wangu, na huu najisifu. Maelezo ya picha niliyakunja nyuma nikayabana na stepla. Nikauliza: hawa ni nani, na wako upande gani? Ikumbukwe tuko Songea. Hapa kila mwaka tunakwenda makumbusho kuwakumbuka wapiganaji walionyongwa na Wajerumani 27 Februari 1906, kwa hiyo mtoto akiona mtu mweusi ameshika bunduki, jibu analo tayari. Wote wakasema mashujaa wetu. "Fungueni stepla."

Kimya. Askari wa Mjerumani! Mmoja akasema basi hao wasaliti. Ndipo kijana wa dawati la mwisho, ambaye tangu Januari sijasikia sauti yake, akasimama: "Babu mzaa babu alikuja hapa akiwa askari. Alitoka Tabora. Sisi ndiyo tumebaki." Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini binti mmoja wa Kingoni akamgeukia, akamuuliza taratibu, "Alilipwa shilingi ngapi?" Hajui. Akaambiwa akamuulize bibi yake. Akaja wiki iliyofuata na daftari zima, na la kwanza ni kwamba babu yule hakujiunga kwa kupenda vita, alifuata mshahara.

Msihangaike na projekta. Na picha mzishushe usiku, bando la usiku ni rahisi.

Kwenye idadi ya waliokufa tulikwama. Wajerumani walihesabu 75,000, wanahistoria wetu wamefika hadi 300,000, maana wengi waliuawa na njaa baada ya vyakula kuchomwa. "Tuandike ipi, Madam?" Nikawaambia waandike zote mbili na kila moja imesemwa na nani. Wakaniangalia kama nimewaongezea kazi, na kweli nilikuwa nimewaongezea.

Yule wa notisi ameazima flashi yangu tangu Ijumaa. Picha zimo, na stepla yangu nayo ameondoka nayo.