Nilivyoacha kuvuja mkojo kwa utepe wa upana wa sentimita moja

Nilipoanza kuvuja nikikohoa au nikiinua ndoo, niliambiwa nipunguze kunywa maji. Msifuate! Mkojo mzito huwasha kibofu, na choo kikiwa kigumu unajikamua na kuvuja zaidi.

Mazoezi ya sakafu ya nyonga, yaani misuli inayoshikilia kibofu kwa chini, niliyafanya miezi miwili kinyume: nilibana pumzi na kusukuma chini. Sista aliyenipima kwa kidole ndiye aliyegundua. Unabana kama unayezuia ushuzi, misuli inapanda juu, huku tumbo na makalio vimelegea na pumzi inatoka kawaida. Mikazo 8, mara 3 kwa siku, angalau miezi 3. Usijizoeshe kwa kukatiza mkojo chooni. Nilipata nafuu, lakini ndoo bado ilinishinda.

Kabla ya upasuaji wa kuwekewa utepe chini ya mrija wa mkojo niliandika siku 3 kila nilichokunywa na kila nilipokojoa, kisha nikakohoa nimesimama, kibofu kimejaa. Mkojo ulitoka papo hapo na kikohozi. Kama wako unakuja na haja ya ghafla, utepe hautautibu, huenda ukauzidisha.

Nilichomwa ganzi ya sehemu ile na dawa ya kusinzia. Daktari alichana kama sentimita moja na nusu ukeni, chini ya mrija wa mkojo, na vitundu viwili juu ya kinena. Utepe wa polipropileni, aina ya plastiki, ulipitishwa kwa sindano ukakaa kama herufi U, kisha kamera ikaingia kibofuni kuona kama sindano haijakitoboa. Wakanijaza maji: “Mama, kohoa kwa nguvu.” Utepe ulirekebishwa huku mkasi umewekwa kati yake na mrija, usije ukakaza. Kazi yake ni kuushikilia mrija pale presha ya tumbo inapopanda tu, kama unapokohoa.

Gharama ilikuwa kama mshahara wa miezi miwili. Kabla ya kusaini, uliza: utepe ni wa kudumu, unaweza kuchomoza ukeni au kuleta maumivu, na Uingereza iliusitisha Julai 2018. Kuna pia kombeo, mkanda wa kushikilia mrija unaokatwa kwenye utando wa misuli ya mwili wako mwenyewe, au sindano ya kujaza kuta za mrija.

Nilipojaribu kukojoa, mililita 300 zilibaki kibofuni, nikarudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa siku 2. Wiki 6 hakuna kubeba kizito wala tendo la ndoa. Mkojo ukitoka kwa matone au ukigoma, rudi mapema: wiki ya kwanza au ya pili utepe bado hulegezwa kwa urahisi.